Maharagwe ya Sabato

Mimi ni mtu wa kelele, sikatai. Nilizaliwa kando ya ziwa, kwa watu wanaoongea kana kwamba msikilizaji yuko ng'ambo ya maji, nikaja kuolewa huku milimani Nyamira, si mbali na Ikonge, ambako watu wanakuangalia kwanza ndipo waongee. Wiki yangu ya kwanza hapa, mama mkwe alimwuliza mwanawe kwa siri kwa nini mke wake amekasirika. Kumbe nilikuwa namsalimia.

Ekegusii sikukijua, na yeye lugha yetu hakuijua, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili. Changu ni cha sokoni. Chake ni cha kanisani na cha shule aliyoiacha akiwa darasa la nne. Ni miaka kumi na mmoja sasa tunagombana, tunasengenya na tunaombeana kwa Kiswahili hicho hicho, na hatujawahi kukwama. Neno moja tu la kwao alinibandika tangu mwanzo: mokamwana, yaani mke wa mwanangu. Akilitamka polepole, ujue kuna chai. Akilitamka haraka, kuna kesi.

Kesi yetu kubwa ilikuwa moshi.

Jiko lake ni kijumba cha udongo nyuma ya nyumba kubwa, mafiga matatu katikati na kidirisha cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Amepikia humo tangu alipoolewa. Ugali wa wimbi, ndizi, mboga, vyote kwa kuni, lakini maharagwe ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza, kwa sababu yanakaa motoni nusu ya siku naye ameinama anapuliza. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Ijumaa. Mama mkwe ni Msabato wa kweli kweli, si wa kujaribu, na jua likishazama Ijumaa hawashi moto mpaka lizame tena Jumamosi. Basi Ijumaa nzima anapika chakula cha siku mbili, akitoka humo macho mekundu na kitambaa kinanuka kama nyama ya kubanikwa.

Mwaka juzi kikohozi kilimshika kikakataa kumwachia. Mhudumu wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia, "Mama, dawa nitakupa. Lakini ukirudi kukaa kwenye moshi, hizi dawa ni kazi bure. Hiki kifua kimechoka." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi na niliingiwa na hofu. Mama yangu mzazi alishatangulia. Huyu ndiye mama niliyebaki naye, pamoja na maneno yake yote.

Njiani kurudi aliniambia, "Huyo daktari ni mtoto. Nimelea watoto saba kwa hiyo moshi. Kama inaua, mbona mimi niko?" Kisha akakohoa mpaka akashika mti wa ua ili asianguke.

Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu. Nilimnunulia mtungi mdogo wa gesi. Aliushukuru sana, akauombea, akauweka sebuleni, akaufunika kitambaa alichofuma mwenyewe, akapanga maua juu yake. Nilipomwuliza, alisema gesi inampa chakula harufu ya gari. Nikapiga kelele. Akaniambia nikitaka kupiga kelele niende nikapigie cherehani yangu.

Cherehani ninayo kweli. Nina kibanda cha kushona nguo pale sokoni Ikonge, na kila wiki mabaki ya vitambaa yanajaa gunia. Yale magunia nilikuwa nayachoma nyuma ya kibanda, moshi mweusi wa nailoni unapaa mpaka muuza mandazi analia. Ndiyo, mimi, hakimu wa moshi wa mama wa watu. Siku moja mteja wangu mmoja kutoka Nyamache, aliyekuja kuchukua sare za kikundi chao cha kina mama, alinikuta nachoma akashika kichwa. "Unachoma chakula cha mtu," akasema. Nikadhani ana wazimu. Ndipo akanieleza kwamba wao hujaza vipande kama vile kwenye mito, wakaipanga ndani ya kikapu, na sufuria iliyochemka ikifunikwa humo inaendelea kujipika yenyewe bila kijiti hata kimoja cha kuni.

Sikuamini, lakini nilishona. Jirani alikuwa na kikapu cha kuchumia majani chai, kamba zake zimekatika na kiko njiani kwenda motoni. Nikakiomba. Nikashona mito miwili minene, mmoja wa chini na pembeni, mmoja wa kufunika, nikaishindilia mabaki mpaka ikakaza. Asubuhi nikachemsha maharagwe niliyoyaloweka, yakatokota vizuri, nikaitumbukiza sufuria, nikafunika, nikaongeza blanketi kuukuu, nikaenda kazini. Mume wangu aliangalia lile furushi akauliza kama kuna mtu mgonjwa humo ndani.

Saa nane nilirudi, nikafunua. Yawa! Mvuke ulinipiga usoni. Nikachukua punje moja nikaibonyeza kwa vidole, ikapondeka kama siagi. Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe wa jirani wakasimama. Hata mume wangu alikula sahani mbili bila kusema neno la dharau, na hilo pekee ni ushahidi wa kutosha.

Nikajaribu tena siku ya pili na ya tatu, kila mara kuanzia asubuhi hadi mchana, na kila mara ikakubali. Siku ya nne nikakibeba kikapu kichwani mpaka kwa mama mkwe.

Alikizunguka. Akakipiga teke kidogo, hivi, kwa heshima. "Sasa hii ni nini? Kuku anataka kutaga?"

"Ni jiko, mama."

"Hii ni kikapu ya chai."

"Ni jiko la kikapu. Unaweka maharagwe humo."

"Halafu unapelekea kiwanda?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na hapo kicheko kikatuishia sote wawili. Akajipangusa midomo. Akanitazama kwa muda. Nafikiri aliona nilivyokuwa nimeogopa, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Sawa," akasema. "Sabato hii wamama wa kanisa wanakula kwangu. Wako wanane. Pikia hao na hii kikapu yako. Wakikula na kushiba, nitaacha mafiga. Lakini ikishindwa, mokamwana, usiwahi kunisemesha tena habari ya moshi. Hata nikikohoa mbele yako, unyamaze."

Alilitamka haraka. Nikakubali. Mtu mwenye akili angeuliza maswali kwanza, lakini mimi nilishaona ushindi uko mlangoni.

Ijumaa hiyo nilifunga kibanda mapema. Nilimwondoa jikoni kwake kabisa, nikamkalisha kibarazani kwangu, nikasonga na kupika kila kitu kwangu kwenye gesi. Alikaa pale mchana kutwa kama mgeni, akishika hiki akiacha kile, akiniuliza kila baada ya dakika tano kama nimeweka chumvi. Saa kumi jioni maharagwe yalikuwa yanatokota. Nikayaunga na nyanya na vitunguu, na kwa sababu ya kujionyesha, nikayamwagia maziwa ili yanone. Nikaitumbukiza sufuria kwenye kikapu, nikafunika, nikafunga blanketi na kamba juu.

"Itafika kesho saa saba?" akauliza.

"Itafika, mama. Itakuwa moto kama sasa."

Jua likazama. Tukaimba, tukaomba, tukapokea Sabato.

Wewe msomaji uliyekaa kimya hapo labda umeshajua. Mimi sikujua. Chakula cha Sabato, tangu wazee, hulala wazi mezani, na baridi yetu ya huku milimani inakitunza mpaka kesho yake. Mimi nilikichukua nikakifunika blanketi. Kilikuwa moto mpaka usiku, kikawa vuguvugu mpaka asubuhi, na kutoka hapo, pamoja na maziwa yangu ya kujionyesha, kilifanya kazi ambayo sikukituma.

Tulitoka kanisani saa saba. Wamama wanane wakakaa sebuleni na nguo zao nyeupe, mtungi wa gesi ukiwatazama chini ya maua yake. Mama mkwe alishawaambia, kwa hiyo walitaka kuona. Nikakileta kikapu katikati kama mtu anayeleta harusi. Nikafungua kamba. Nikafunua blanketi, nikafunua mto, nikashika kifuniko cha sufuria, na kabla sijakiinua nikasikia kitu humo ndani kinasema pwi, pwi, pwi.

Harufu iliyotoka siwezi kuiandika. Mama mmoja aliye karibu alivuta kiti nyuma. Povu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni. Na mimi, mdomo wote huu, nilisimama nimeshika kifuniko na machozi yakaanza kunitiririka mbele za watu. Sikulia kwa ajili ya maharagwe. Nililia kwa sababu nilijua nimeahidi kunyamaza, na kwamba atarudi mle ndani na sitakuwa na ruhusa ya kumwambia toka.

Dada yake mama mkwe, mzee kuliko wote, ndiye aliyeanza. Alitikisika mabega kwanza. Kisha akasema, "Nyasae, Mungu wangu, hii kikapu imepika pombe nyumbani kwa Msabato!" Basi ikawa ni vicheko. Wamama walicheka mpaka wengine wakavua vitambaa vya kichwa. Mama mkwe hakucheka, lakini hakunigombeza pia. Alitoka akarudi na mkungu wa ndizi mbivu, akaleta maparachichi, akaleta maziwa lala kwenye kibuyu, na wageni wakala wakashiba kwa namna yao. Maharagwe tuliyamwaga kwenye shimo la mbolea, na kuku wawili waliotangulia kufika huko walitembea kwa mashaka mpaka jioni.

Wageni walipoondoka nilianza kufunga mito yangu. "Wacha hapo," akasema mama mkwe bila kunitazama. Nikaacha. Nilidhani anataka kukifanya kikapu kuni.

Jumapili na Jumatatu sikwenda kwake. Aibu ilinishika, na mimi aibu nikiwa nayo hugeuka hasira, nikamgombeza mume wangu kwa mambo ambayo hata mimi sikuyaelewa. Niliapa kuwa nikisikia kikohozi nitaziba masikio. Jumanne asubuhi, nikienda kazini, nikapita njia ya juu ambako jiko lake linaonekana, nikatupa jicho.

Hapakuwa na moshi.

Huku kwetu moshi wa jikoni ni taarifa. Unatoka asubuhi, majirani wanajua umeamka. Usipotoka, mtu anakuja. Niliacha mkoba njiani nikakimbia na viatu vya kazini, nikipiga kelele jina la Mungu kwa lugha zote mbili, ambalo kwa bahati linafanana. Langoni nikawakuta majirani watatu wameshafika, mmoja ana jembe mkononi, wanaulizana kama wavunje mlango.

Tukazunguka nyuma. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani kwenye jua, ungo mapajani, anachambua mboga za chinsaga. Kando yake kikapu kimefunikwa na kufungwa kamba vizuri kuliko nilivyofunga mimi.

"Mama! Mbona hujawasha moto?"

"Niliwasha. Ya dakika kidogo. Nikachemsha, nikazima, nikaweka." Akakigonga kikapu mgongoni. "Wewe ni fundi wa nguo, akili ya chakula huna. Hii ni ya kutoka asubuhi mpaka mchana. Kwani ni ya kulalisha kama mtoto? Na maziwa nani alikutuma?"

Majirani wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa bado natweta. Nikamwambia, "Lakini mama, ulisema ikishindwa..."

"Mokamwana." Alilitamka polepole. Akaweka ungo chini. "Nyamaza kwanza, uongee baadaye. Ile maharagwe ilioza, na mimi nikaaibika mbele ya wamama. Hiyo sijasahau. Lakini Ijumaa ulinifukuza jikoni, sikukaa kwa moshi. Sabato sikukaa. Na hizo siku mbili nililala. Nililala mpaka jogoo akaniamsha."

Akachukua ungo wake, akaendelea kuchambua.

"Tangu nianze kukohoa," akasema, "ni mimi nilikuwa namngojea huyo jogoo."