Dobi aliyekataa nusu ya Kiingereza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumba cha kufulia cha hoteli hii ya ghorofa tano kimeshajaa mvuke. Mashine mbili zinanguruma. Ya tatu imekufa tangu mwezi uliopita, na juu yake zimepangwa ndoo za sabuni. Katikati ya chumba, mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa cha buluu kichwani ameshika pembe mbili za shuka. Pembe nyingine mbili amezishika msichana mrefu aliyesimama hatua tano mbele yake.

"I must wash it for her before noon," anasema mwanamke, akilikung'uta shuka mpaka linalia. Lazima nimfulie hii kabla ya saa sita.

"She can wait for me at the window," anajibu msichana. Anaweza kunisubiri dirishani.

Hapo ndipo wanaposogeleana, pembe kwa pembe, na shuka linapata mkunjo wake wa kwanza. Kisha wanabadilishana nafasi na kuanza lingine. Kabla zamu haijaisha watakuwa wamekunja zaidi ya mashuka mia mbili.

Wenzake wanamwita Mama Mkunjo. Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu ndani. Shule aliiacha kidato cha pili. Lakini madobi sita wa hoteli hii wamejifunza Kiingereza kwake, na kwa ajili hiyo ana barua mbili za onyo. Ya tatu, kwa sheria za kazi za hapa, humtoa mtu getini.

"Msimamizi wetu anasema tunapoteza muda," anaeleza. "Aliniambia, 'Nyinyi kazi yenu mapovu, Kiingereza cha nini?' Nikamwambia, 'Na wewe kazi yako funguo, mbona unakisema?'"

Msimamizi huyo amelipachika darasa jina: Chuo Kikuu cha Mapovu. Madobi wamelipokea. Mmoja wao ameliandika kwa sabuni kwenye kioo cha mlango, na kila likifutwa linarudi.

Darasa hili hakulianzisha peke yake. Alikuwa na mwenzake aliyeitwa Pacha, kwa kuwa walikunja pamoja miaka kumi na minne bila kubadilishana na mtu. Pacha alikuwa amemaliza kidato cha nne na alihifadhi daftari lake la sarufi kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Ndiye aliyesema shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, basi na sentensi isikunjwe na mtu mmoja.

Kila shuka lina kichwani na miguuni. Wa kichwani alianza: mtu, kisha neno la kuweza, la kulazimika au la kuruhusiwa. Wa miguuni alimalizia: kwa nani, na nani, wapi, kabla ya nini. Sentensi isipokamilika, hakuna kusogea. Mama Mkunjo alisimama kichwani. Pacha alisimama miguuni.

"Kiswahili kimetudekeza," anasema Mama Mkunjo. "Naweza. Neno moja, na mtu yumo humohumo ndani. Kiingereza kinakuja vipandevipande kama suti, koti mbali, suruali mbali. I kivyake, can kivyake."

Anacheka kidogo, halafu anakaza uso.

"Lakini hilo can nalipenda, maana halimwinamii mtu. Mimi, can. Yeye, can. Meneja naye ni can hilohilo. Maneno mengine ukimtaja mtu wa pembeni yanajibandika kijimkia cha s. Can na must hayajipambi kwa ajili ya yeyote. Wanaobadilika ni watu. Mwanamke akiwa mbele ni she. Mpeleke nyuma, baada ya for au with, amekuwa her. Ni kama sisi tu: getini tunaingia na nguo za nyumbani, humu tunavaa sare. Mtu ni yuleyule."

Pacha alifariki mwaka jana, mwezi wa pili, baada ya kuugua wiki tatu. Aliporudi kazini kutoka mazikoni, Mama Mkunjo alishika shuka kama kawaida. Dobi mwingine, naye wa kichwani, akachukua upande wa pili. Mama Mkunjo akasema, "I must..." na hakuna kilichofuata.

"Nilisimama nimeshika shuka, mdomo wazi. Nikadhani ni msiba. Nikasema acha siku zipite, maneno yatarudi."

Siku zilipita, ikaja amri. Hoteli ingefungua dirisha ambapo wageni wangeleta nguo wenyewe na kuzungumza na dobi ana kwa ana. Kila dobi angekaa dakika tano na mhoji kutoka ofisi kuu, kwa Kiingereza. Atakayeshindwa, kazi yake ingeishia mwisho wa mwezi unaofuata.

Madobi hawakuogopa. Walikuwa wamekunja Kiingereza miaka na miaka.

Waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Mzee Pasi, mpiga pasi mwenye miaka hamsini na minane, mtu wa kichwani. Aliulizwa angemfanyia nini mgeni mwenye shati lenye doa. "I can," akasema kwa sauti kubwa. Kisha akageuka nyuma kumtafuta mwenzake.

Binti wa Pacha, msichana yule mrefu, yeye alikuwa wa miguuni. Alikaa dakika nzima akisubiri mtu aanze.

"Mhoji akaniuliza naumwa?" anakumbuka. "Nikasema moyoni, siumwi, dada, wewe sema tu 'you should' uone nitakavyoshuka."

Wote sita walishindwa, na Mama Mkunjo akiwa wa saba. Kila mmoja alikuwa na nusu. Msimamizi alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai, akasema nusu lugha inastahili nusu mshahara. Wakapewa siku thelathini kabla ya kuhojiwa tena.

Hapo ndipo Mama Mkunjo alipoelewa siku ile ya shuka. "Kumbe si msiba tu. Nusu yangu nyingine alikuwa nayo Pacha. Ameondoka nayo, na mimi ndiye niliyekubali abebe peke yake miaka yote ile."

Hakulia mbele ya watu. Kesho yake alitoa amri mbili. Kwanza, kila shuka watu wabadilishane nafasi, na kila mtu aseme sentensi nzima. Pili, foronya na taulo kila mmoja akunje peke yake, akijisemea mwanzo na mwisho.

Kulizuka ugomvi. Mzee Pasi aligoma.

"Mimi nimekuwa kichwani tangu siku ya kwanza ya darasa hili," alimwambia. "Leo unipeleke miguuni kama mtoto wa kunyonya?"

"Mzee wangu, kichwa kisicho na miguu kinafika wapi?"

"Kinafika kwenye mto, kinalala."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na Mzee Pasi akacheka nao, lakini miguuni hakwenda siku hiyo wala iliyofuata. Barua ya pili ya onyo ilifika wiki hiyohiyo: kelele kazini. Mama Mkunjo aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni, akashika shuka lililofuata.

Kwake mwenyewe upande wa miguuni ulikuwa mgumu kuliko kwa wote. "Kila nikisimama pale nahisi nimekaa kwenye kiti cha mtu aliyetoka kidogo," anasema. Binti wa Pacha ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza akamwambia, "Njoo, mama mdogo. Mama asingependa pakae patupu."

Mahojiano ya pili yalifanyika Alhamisi iliyopita. Mama Mkunjo aliingia wa mwisho. Mhoji alimuuliza maswali manne, naye akayajibu kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha mhoji akamweleza kwamba anafaa kuwa msimamizi wa dirisha, ila darasa la kelele liishe.

Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili, na alizitoa zote kwa Kiingereza. Anaweza kufanya kazi dirishani. Kunyamaza na wenzake hawezi.

Mhoji aliandika kitu kwenye karatasi, bila kuinua macho. Jioni matokeo yalibandikwa: sita wamepita. Aliyebaki ni Mzee Pasi, aliyekubali kwenda miguuni zikiwa zimebaki siku tisa. Safari hii alifika katikati ya sentensi na kukwama kwenye "with". Mhoji amemruhusu jaribio moja la mwisho, Jumatano ijayo.

Barua ya kazi ya dirishani imeletwa, na ndani yake hakuna neno lolote kuhusu darasa. Mama Mkunjo hajaitia saini.

"Dirisha litafunguliwa tukiwa saba," anasema. "Wakitaka kulifungua na sita, watafute sita wengine. Wote tumekubaliana, na huyu binti ndiye wa kwanza kusema."

Saa nne kasoro, msimamizi anachungulia mlangoni. Mezani, Mzee Pasi amelazimishwa kuacha pasi yake na anakunja taulo peke yake, jasho linamtiririka, midomo haitulii.

"Mama, ofisi inauliza saini," anasema msimamizi. "Mpaka lini? Huyu mzee ameshindwa mara mbili."

Mama Mkunjo haachi shuka lake.

"Mwambie mhoji aje Jumatano kama alivyosema, baba. Na aje ameshiba, maana huyu mzee sasa akianza hanyamazi."