Habari Baada ya Chai

Watu wa Waberi, mtaa mmoja wa Garissa, walikuwa na ulimi mkali kwa diwani wao, mradi mwenyewe hayupo. Akipita na gari lake, mikono juu, salamu tele; vumbi likishatua wanaanza kumchambua kama karanga. Bomba la maji aliloahidi kabla ya uchaguzi halijaonekana, na maji ya mkokoteni wa punda yanazidi kupanda bei, huku mto Tana ukipita karibu na mji bila haya.

Sharifo hakuwa hata na wa kumteta naye diwani. Mumewe, Nuh, alifariki mwaka wa tisini na mbili, ukame ulipomaliza ng'ombe wao kule Ijara, naye akahamia mjini Garissa na binti yake mmoja, Idman. Binti akaja kuolewa mbali, Habaswein. Tangu hapo nyumba ilibaki na wawili, Sharifo na redio, na redio nayo betri zikafa.

Basi mwaka wa tisini na sita zikaenea habari kwamba shirika fulani litapita nyumba kwa nyumba, liwaulize wakazi wanaishije na wanawaonaje viongozi wao. Penye malalamiko mengi ndipo bomba litakapowekwa. Sharifo alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Akifagia, anajisemesha: atasema juu ya maji, juu ya zahanati isiyo na dawa, juu ya diwani na gari lake. Na mgeni akiwa na masikio, atamwambia pia jinsi jioni inavyoingia na hakuna anayemwita jina. Alinunua maziwa na hiliki, akaazima mkeka mzuri.

Aliyekuja ni msichana mmoja, Fosia, Msomali aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Kisomali chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo akauliza kwa Kiswahili, akiwa amesimama mlangoni na karatasi zake.

“Eddo,” alisema, kama wasichana wanavyomwita shangazi, “maisha hapa yakoje?”

“Nabad. Maisha iko mzuri, alhamdulillahi.”

“Maji mnapata?”

“Maji iko.”

“Na diwani, anawafanyia kazi?”

“Diwani mtu mzuri. Mungu amuweke.”

“Wewe unaishi na nani?”

“Watu iko,” alisema Sharifo, akigeukia jiko. “Keti, binti yangu. Chai nachemka.”

Usimwite mwongo. Kwa watu wake habari ni mbili. Ya kwanza ni ya mlangoni, nayo ni nabad, amani: mvua imenyesha, mifugo ni wazima, hata kama ng'ombe wa mwisho kafa asubuhi hiyo. Mgeni hatwishwi msiba akiwa bado ana vumbi miguuni. Akishakaa, akanywa chai, akashusha pumzi, ndipo anapouliza tena, na hapo mwenyeji hutoa ya moyoni. Kila mtoto wa nyikani analijua hilo. Wa Nairobi hakufundishwa.

Sharifo alipogeuka na vikombe viwili, mkeka ulikuwa mtupu. Msichana ameshukuru, ameandika, amekwenda.

Alitoka mbio na shuka likimteleza kichwani, akamkuta kwa jirani, mzee Korane, yule ambaye hulaani serikali tangu alfajiri mpaka isha. “Nabad tu!” Korane alikuwa akisema, birika lake likifoka nyuma yake. “Hapa hatuna shida hata moja!” Sharifo angecheka, lau moyo usingemuuma vile. Alirudi nyumbani akanywa vikombe vyote viwili peke yake.

Haukupita muda diwani akaitisha baraza. Alisimama anatabasamu. “Watafiti wamesema watu wa upande huu mmeridhika. Hongereni! Bomba litakwenda kwa wenye shida zaidi.” Watu wakapiga makofi, Korane akiwa wa kwanza, kwa kuwa mgeni wa baraza haaibishwi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sharifo hakupiga makofi, lakini pia hakusema kitu. Aseme nini? Aliulizwa, na alijibu.

Jumatano, siku ya mnada wa mifugo, lori la Habaswein likasimama kama kawaida njiani mbele ya nyumba yake, injini ikinguruma. Dereva wake, Siyad, ndiye aliyekuwa barua na simu kati ya Sharifo na binti yake.

“Eddo! Idman anakusalimu. Yuko nabad. Na wewe?”

Kila safari ni maneno hayo hayo, na kila safari naye hujibu nabad, lori likaondoka. Safari hii neno lilikataa kutoka.

“Zima gari, Siyad. Shuka unywe chai.”

“Eddo, nina mbuzi wa watu.”

“Mbuzi watangoja.”

Akashuka. Alikunywa taratibu, akafuta mdomo, kisha, kama alivyolelewa, akauliza tena kwa sauti ya chini, “Enhe, mama, habari?”

Sharifo akamwambia. Alianza na maji na diwani na yale makofi, akamaliza akilia. “Mwambie Idman mimi si nabad. Nyumba imenishinda kwa ukimya. Upweke utaniua kabla ya kiu.” Kisha akajipangusa. “Na yeye? Sasa umeshakunywa chai.”

Siyad aliinamia kikombe. “Mumewe alimwacha tangu Ramadhani, eddo. Anakaa kwa watu, anawafulia nguo. Nimemwambia mara nyingi arudi kwa mama yake. Anasema mama yuko nabad, ametulia, asimpelekee mzigo.”

Sharifo hakulia tena. Alichukua kikombe kutoka mkononi mwa dereva, akauliza lori linarudi Habaswein lini.

“Nikishashusha mbuzi.”

Akachota maji, yale yale ya bei ya kuruka, akayamwaga yote motoni. Akajifunga shuka vizuri, akafunga mlango, akapanda mbele kando ya usukani.