Menega na Picha Iliyohamisha Mnara

Hii hamtaiamini, na wala siwabembelezi. Mimi Nane, niliyepiga kasia za gondola katika kila mfereji wa Venisi, ningeisikia kwa mtu mwingine ningecheka hadi nianguke majini.

Menega mnamjua: mjane, mfupi, sauti ya kutawanya njiwa. Anakaanga kaimati za zabibu kavu upande wa jua wa daraja letu, palepale alipokaanga marehemu mumewe. Katika chama cha wakaanga kaimati, mahali pako ni pako mpaka ufe. Ukinyang'anywa, karai ukafulie nguo.

Basi fundi Zorzi, mchoraji, akaja na kiti chake. Akachora daraja, watu na barakoa zao za sherehe, na Menega na karai lake. Picha ilipotundikwa dukani kwa muuza fremu, Menega alivaa aproni mpya kwenda kujitazama.

Akarudi kanuna. Zorzi alikuwa kamhamishia ng'ambo, upande wa kivuli, ambako hata paka hakai.

"Ulikaa vizuri zaidi kule, mama," Zorzi akamwambia. "Picha ilikuwa inaelemea upande mmoja."

"Nitakuelemea wewe kwa huu mwiko!"

Bortolo, mkaanga kaimati wa kivulini, alipoiona akaiazima, akakimbia nayo kwa wazee wa chama. "Waheshimiwa, tazameni wenyewe! Kivulini ndiko kwake. Juani ni kwangu, alinipora nilipougua."

Menega akaleta majirani kumi na mmoja. Mkuu wa chama akawakataa wote.

"Hawa wamekula kaimati zako miaka ishirini, mama. Watasema lolote. Picha haijala kitu."

Menega akaitazama ile picha muda mrefu. "Mzee wangu, mnaiamini yote?"

"Yote."

"Hata mnara wa kanisa letu?"

Mkuu akasogea. Alibatizwa chini ya mnara huo. Zorzi alikuwa kauhamisha nao, kauweka ng'ambo ya mfereji, umesimama juu ya banda la bata.

"Basi kesho mwambieni padri apande mtumbwi akapige kengele," Menega akasema. "Na bata muwatafutie kwingine."

Wazee walicheka hadi wigi zikapinda. Bortolo akarudishwa kivulini kwake, na Menega akabaki juani, hapo hapo. Nami nimeketi kando ya karai lake naandika haya, nasoma kwa sauti ili asikie anavyosifiwa.

Lakini jambo la mnara, niwaambie ukweli, ni mimi niliyemnong'oneza. Mkuu aliliona hilo. Akashuka kitini, akanikumbatia mbele ya chama kizima, akasema, "Nane, bila wewe mji huu ungekuwa umeshazama," kisha akavua wigi yake akaniv—

"Mjomba Nane!" Menega akanikatiza. "Ulikuwa nje ya kikao, umelala kwenye gondola, mdomo wazi, kaimati kifuani. Nilikuamsha kwa mwiko!"