Pete Niliyoingia Nayo Mtoni

Sheria ya kwanza ya kazi yetu haikuhusu mawe, ilihusu vidole: anayechota mchanga wa mto kutafuta dhahabu havai pete wala bangili. Dhahabu yenyewe ni vumbi lisiloonekana kwa macho, na pete ikisugua chekeche kidogo tu, maabara inadanganyika. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita, vidole vimevimba, pete ya ndoa imegoma kutoka. Nikaizungushia plasta, nikanyamaza. Ubishi ni ugonjwa wangu tangu utotoni.

Kwenye kijito kimoja upande wa Magu, nilipomaliza kuchekecha na kufunga kifuko, plasta haikuwepo, pete imebaki wazi. Ilikwenda na maji. Nikaandika namba ya kifuko na kupanda gari kama wenzangu.

Majibu yaliporudi, kifuko hichohicho ndicho kilichoonyesha dhahabu. Kambini wakashangilia. Juu ya kijito kulikuwa na majaruba ya mpunga ya bibi mmoja, yuleyule aliyenipa kigoda nipumzike siku ile, na mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa ardhi, ungeanzia hapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamfuata mkuu wa kambi, nikamwambia yote.

"Dada, unajua umefanya nini?" aliuliza. Kisha akaagiza turudi tukachote upya.

Safari hii nilipaka sabuni, nikavuta pete mpaka ikatoka, ngozi imechubuka. Bibi alitukuta mtoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmesahau nini tena?"

"Mchanga kidogo tu, bibi."

Akacheka. Akasema mchanga upo tele, tubebe tu, wala hauna mwenyewe.

Siku za kusubiri majibu chakula hakikupita. Simu ikiita, nashtuka. Nilimwomba Mungu nionekane mzembe, hata kazi nifukuzwe, ili mradi kosa liwe la pete na majaruba ya bibi yapone.

Mkuu wa kambi aliniita mwenyewe, anatabasamu, akanigeuzia karatasi. Dhahabu ilikuwepo, tena kuzidi mara ya kwanza.

"Umepona, dada," akasema.

Nikaitikia asante. Ndipo akaongeza kwamba, kwa kuwa yule bibi ameshanizoea, mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza habari za mtambo.