Kiwanja cha Masunga

Mwaka jana walikuwa wanatengeneza barabara karibu na ninapokaa, hapa Bariadi mjini. Gari la maji lilipita likimwagia moramu, na lile gari zito la kushindilia likafuata nyuma taratibu. Harufu iliyopanda pale ilinisimamisha, mfuko wa nyanya mkononi. Ni harufu ya udongo mkavu uliolowa ghafla, kisha ukapigwa. Kijana mmoja wa kazi akadhani nimeogopa mitambo, akaniambia, "Mama, pita tu, hakuna shida." Ningemweleza nini? Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika nyumbani kwetu, upande wa Mwamapalala, nina miaka tisa, miguu imejaa udongo wa kichuguu, na babu yangu ananikaripia kwamba nashindilia kama mtu anayeua siafu.

Tulimwita Guku, kama watoto wa Kisukuma tunavyowaita babu zetu. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia yake ya jeshi ilikuwa imefubaa mpaka ikafanana rangi na vumbi la zizini. Wakati wa vita vya Wajerumani, Waingereza walimchukua akiwa kijana wakampeleka Misri. Hakupewa bunduki, alipewa sururu na karai. Wamarekani, waliokuwa upande mmoja na Waingereza, walitaka pa kutua ndege zao na pa kulala askari wao. Guku na wenzake wakavunja mawe, wakasawazisha mchanga, wakasimamisha mahema mistari kwa mistari. "Tuliwajengea jiko ambalo mchuzi wake hatukuuonja," alikuwa akisema, na hapo lazima acheke peke yake.

Sasa nawaambia jambo ambalo wenzangu wa ofisini hawaliamini hadi leo. Nyuma ya zizi letu kulikuwa na kiwanja cha ndege.

Guku alikitengeneza mwenyewe aliporudi vitani, na kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, alitukusanya wajukuu tukakikarabati. Tulikwangua majani. Tulibeba udongo wa kichuguu kwa karai, tukauchanganya na samadi na maji, tukautandaza, kisha tukaushindilia kwa gogo la mkwaju lenye vishikio viwili. Ni kazi ileile wanawake wa kwetu wanayoifanya kutengeneza pa kupuria mtama, ila kiwanja hiki kilinyooka mbele mpaka ukachoka kukitazama. Mwisho Guku aliweka bakuli la maji chini, akalala kifudifudi, jicho moja amelifumba, kuona kama maji yameegemea upande mmoja. Yakiegemea, tulianza upya. Kilikuwa kifupi kuliko viwanja vya Misri, alikiri, lakini Masunga hakuwa mtu mzito.

Masunga ndiye aliyekuwa anangojwa. Kila nilipouliza nani atakuja na ndege, Guku alijibu jina hilo moja, bila maelezo, kama mtu anayetaja jirani aliyekwenda mnadani. Mengine nikajijazia mwenyewe. Masunga alikuwa rubani. Alikuwa na miwani myeusi na meno meupe, na alikuwa ananiletea viatu vyekundu vya kufunga kwa kishikizo, kama nilivyoviona kwenye rundo la mitumba gulioni. Shuleni nilishatangaza. Rafiki yangu Milembe nilimwahidi kiti cha dirishani, na kwa ahadi hiyo nilikula karanga zake muhula mzima.

Ilikuwa ile miaka soko huria lilipoingia vijijini. Zamani pamba tuliipeleka kwenye ghala la ushirika na kungoja. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na magari yao hadi mashambani, wakipigiana kelele, na kila mwenye jembe alitamani shamba liongezeke. Baba yangu alikitazama kiwanja cha Guku, ardhi tambarare, karibu na samadi, na roho ikamuuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na hakuwa amemwona huyo Masunga hata siku moja.

Jioni moja alipiga goti mbele ya mzee, akasalimia "Mwadila, baba" kwa adabu zote, halafu akasema lililomleta. "Baba, tungoje mpaka mvua ya kwanza. Asipokuja, naomba nilime."

Guku alisugua kofia yake kwa kidole gumba. "Haya," akasema. "Mpaka mvua."

Sijawahi kushindilia ardhi kama nilivyoshindilia wiki zile. Milembe alikuja kusaidia, kwa ajili ya kiti chake. Kila asubuhi nilifagia kiwanja kwa ufagio wa majani, na kila asubuhi nilitazama upande wa mashariki kama mawingu yamefika kabla ya ndege.

Na ndege ikaja. Haki ya Mungu, ilikuja. Ilikuwa saa tisa alasiri, kandege keupe, nadhani mojawapo ya zile zilizokuwa zikihesabu wanyama hifadhini upande wa Serengeti. Ilishuka chini mpaka mbuzi wakakata kamba. Ikazunguka juu ya nyumba yetu. Watoto wa jirani walimiminika kutoka kila kichaka, na mimi nikakimbia mbele yao wote nikipiga kelele jina la Masunga. Guku alikuwa ameshafika mwisho wa kiwanja. Amevua kofia, amesimama wima, mikono yote miwili ameinyoosha juu, kama alivyofundishwa ujana wake.

Ilizunguka mara ya pili, ikanyanyua pua, ikaenda zake.

Watoto walianza kucheka, na Milembe akacheka pia. Aibu ilinipanda, nikamgeukia Guku mbele ya wote, nikamwambia, "Masunga wako mwongo! Mwongo mkubwa!"

Bibi alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Nakumbuka ungo wake ulisimama hewani. Nilingoja kofi, na laiti ningepigwa. Guku alivaa kofia yake polepole, akanitazama.

"Amepita, mayu," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, yaani mama, kwa heshima, kama mtu mzima. "Kama ameona nyumbani, inatosha." Kisha akamwita baba. "Mvua ikinyesha, funga maksai. Usiningoje tena."

Mvua ilinyesha siku ya nne. Plau lilirukaruka juu ya ule ugumu, baba akilaani chini kwa chini, na mbele ya maksai, akiwaongoza kwa kamba, alitembea Guku mwenyewe. Alinyoosha mstari sawasawa, toka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho wake. Mimi nilinuna juu ya ghala nikililia viatu vyangu.

Pamba haikuelewana na ardhi ile. Mashamba ya pembeni ilifika kifuani, pale iliishia magotini, kwa hiyo kiwanja kilibaki kikionekana wazi, mstari wa pamba fupi katikati ya pamba ndefu. "Mzee, ulishindilia kweli," baba alisema. Guku alipalilia hapo tu, mwaka hata mwaka.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulipotoka kumzika, nilimuuliza bibi kwa nini haikupelekwa barua kwa yule Masunga, angalau ajue. Bibi alinishika mkono. Akaniambia Masunga alikuwa mdogo wake Guku, tumbo moja. Walichukuliwa siku moja. Wakiponda mawe walitaniana kwamba siku moja ndege hizo zitawarudisha wao nyumbani. Masunga alishikwa na homa, akafa, akafunikwa mchanga pembeni ya kiwanja walichokuwa wanakijenga, bila ngozi ya ng'ombe ya kuzikiwa, bila wa nyumbani kumlilia. Guku alikuwa zamu ya kazi. Walipohamishwa, hakupewa hata nafasi ya kwenda kuliaga kaburi. Kwetu aliyefia mbali hajafika bado, lazima aandaliwe njia. Guku aliandaa njia aliyojua kuwa mdogo wake angeitambua.

Nami nilimwita maiti mwongo, mbele ya kaka yake. Guku hakunisahihisha kwa sababu nilikuwa mtoto na nilikuwa nalia. Namkumbuka kwa mambo mengi yule mzee, lakini zaidi ya yote natamani angerudi kwa saa moja tu, nimwombe radhi nikiwa nimeshika gogo la mkwaju.

Jumamosi iliyofuata baada ya ile harufu ya moramu, nilipanda gari nikaenda nyumbani. Nilimkuta baba nyuma ya zizi, mzee sasa, amevaa ile kofia. Pamba fupi haikuwepo. Kuna fyekeo, kuna kilima kidogo cha udongo wa kichuguu, na bakuli la maji limewekwa chini.

Nikamwuliza, kama nilivyokuwa nikimwuliza Guku, anamngoja nani.

"Sasa ni wawili, mayu," akasema, bila kuondoa jicho kwenye maji. "Shika karai hilo."

Nikavua viatu.