Ushauri Wangu wa Kuzima Simu

Marafiki, leo nimerudishiwa maneno yangu mwenyewe pale soko la Tawa.

Mnakumbuka lile baraza la kutoa maoni kuhusu sheria ya kulazimisha kampuni za mitandao zieleze zinavyoshughulikia malalamiko? Mimi, mwalimu mzima, nilisimama kuipinga nikasema, "Anayechafuliwa jina huko azime simu aende shambani!"

Mkapiga makofi. Nikaketi kama waziri.

Leo nimemkuta Mama Ndinda na maembe yake yote, hakuna mteja. Kuna video inazunguka mtandaoni ikisema anayaivisha kwa dawa. Uongo mtupu.

Nimeiripoti mara tatu. Jibu linarudi kabla sijameza mate: "Tumekagua, hatukuona kosa."

Nani amekagua? Hawasemi.

Mama Ndinda akatoa kasimu kake ka kabambe, ka vibonyezo, ile imefungwa na raba.

"Mwalimu, nimeizima tangu Jumatatu vile ulisema. Mbona wateja hawarudi?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Nimenunua ndoo nzima. Nimekula matano na tumbo liko sawa.

Nyinyi mliopiga makofi, kujeni mnunue. Na baraza likirudi, nipeni tena nafasi. Nitaanza kwa kumwomba huyu mama msamaha.