Mji wa Dada Atupele

Mwezi Machi mwaka huu tulimzika dada yangu Atupele, na pamoja naye ukaenda mji wa chini ya ardhi ambao sikupata kuusikia wote.

Harufu ya mpunga unaoanza kuiva bado hunirudisha Ubaruku, msimu ule nilipokuwa na miaka tisa. Watoto tuliamia ndege mashambani wasile mpunga, tangu asubuhi, kila mmoja na kopo lake la kugonga na madongo ya kurusha. Mama alisema sauti yangu ingeweza kufukuza hata mvua. Chanda chema huvikwa pete, wasemavyo; mimi sauti yangu ilinipeleka kichanja cha kulindia kilicho mbali, ukingoni mwa mfereji, peke yangu. Rehema, binti wa jirani, alikuwa na sauti ya kifaranga, kwa hiyo alipangwa kichanja kimoja na dada. Na dada alikuwa anatunga hadithi.

Ilikuwa ya mji uliochimbwa chini kabisa, ambako mashine ya kuwasha taa ilikuwa inakufa. Kila siku mtaa mmoja ulizimika, maji yakapanda ngazi, na binti mmoja alitafuta njia ya kutokea juu kabla giza halijawafikia wadogo zake. Upepo uliniletea vipande tu. Nilimsikia Rehema akipiga yowe, "Dada Atu, usimwache afe!" Nikagonga kopo kwa hasira hata pasipo ndege.

Jioni niliuliza, "Dada, leo wamefika wapi?"

"Koo limenikauka, mdogo wangu. Muulize Rehema."

Rehema akacheka. "Lete karanga, nikuonjeshe mtaa mmoja."

Sikupeleka. Ukubwani nilimwomba dada anisimulie, akasema mambo ya shambani yaliishia shambani. Nikaamini mwisho wake anao Rehema.

Wanangu siku hizi husikiliza hadithi kwenye simu, na wakichoka huzizima. Sisi tulitegemea mdomo mmoja, nao ulielekea kwa mwingine.

Siku ya tatu ya msiba, nilimkuta Rehema mkekani akiwasimulia wajukuu wa marehemu mji ule. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, wivu ukanichoma kama zamani.

"Bibi, walitoka?" mmoja akauliza.

Rehema akainama. "Sijui, mjukuu wangu. Mpunga ulivunwa kabla hajamaliza."

Nilifurahi. Nikaweka sufuria chini, nikaketi karibu naye.